Mzee Zahoro Aziba Upepo

Mwezi wa sita ukishaingia, Mzee Zahoro huvaa soksi. Huzivaa ndani ya kandambili, kwa hiyo kidole gumba hutengwa na wenzake kwa nguvu, na soksi hujikunja katikati kama mtu aliyekabwa shingo. Juu hutupia koti la suti lililokuwa la marehemu baba yake, na kofia ya sufu inayofunika masikio. Akishakamilika hivyo hutoka barazani, huinua uso, hunusa.

"Kimeingia," husema.

Anachomaanisha ni kipupwe, ile miezi michache ambayo Dar es Salaam hupumzika kuwatoa watu jasho. Kwa wengi wetu ni msimu wa raha. Usiku unajifunika shuka, mchana unatembea hadi Posta bila kulowa mgongo. Kwa Mzee Zahoro ni vita.

Mimi nimepanga kwake chumba cha mbele, mkono wa kulia. Nafundisha sekondari, na jioni nasahihisha kazi za wanafunzi barazani, kwa hiyo mengi ya nyumba hii hupita mbele ya macho yangu. Mzee alikuwa mtunza ghala bandarini mpaka akastaafu, na hadi leo huiangalia nyumba yake kama ghala: cha ndani kisitoke, cha nje kisiingie. Mke wake alitangulia mbele ya haki zamani. Watoto wako Mtwara na Mwanza, humpigia simu Ijumaa, naye huwauliza kama wamekagua misumari ya bati.

Nyumba ilijengwa na mama yake. Ni ya Kiswahili, vyumba huku na huku, korido katikati, imenyooka kutoka mlango wa mbele hadi uani. Zamani mtaa mzima ulikuwa hivyo. Sasa tumebanwa kushoto na kulia na maghorofa ya maduka, na upepo wa kusi, ambao zamani ulipita juu ya mapaa ukaenda zake, umebakiwa na uchochoro mmoja tu, nao ni korido yetu. Huingia mlango wa mbele bila hodi, umebeba mifuko, risiti na vumbi la Kariakoo yote, hutokea uani na kuangusha ndoo.

Athanas, mpangaji wa chumba kinachotazamana na changu, hauelewi ugomvi huu. Yeye ni muuza viazi sokoni na kwao ni Makete, ambako asubuhi za msimu huu maji hukutwa yameganda kwenye ndoo. Hukoga uani alfajiri kwa maji ya bomba huku akiimba.

"Mzee, hii nayo baridi?" humchokoza. "Hii kwetu tunaanikia nguo."

"Kwenu mna moto katikati ya nyumba na viazi vya kuchoma," Mzee Zahoro humjibu. "Mimi nina mabati tu. Nyamaza, mla ulanzi wewe."

"Ulanzi hauliwi, mzee, ni pombe, unanywewa."

"Ndiyo ujue basi, hata kutukana sijakuzoea."

Lakini vita vya mwaka huu vilikuwa na sababu ambayo haikuwa ya utani. Chumba cha mwisho, kinachopakana na ua, ni cha dada yake mkubwa, Bi Kijakazi. Kipupwe cha mwaka jana bati moja juu ya kitanda chake lililegea. Usiku kucha likapiga makofi. Asubuhi upepo ukaingia kwenye ile nafasi kati ya ukuta na paa, ukamwagia mchanga kwenye chai. Bi Kijakazi akalibeba kombe lake hadi barazani, akamwonyesha mdogo wake. Mzee Zahoro akalitazama, akafikiri, akasema, "Dada, vaa soksi."

Bi Kijakazi alifunga mizigo siku hiyohiyo. Alisimama mlangoni, mtandio umekaza kichwani, akasema kwa sauti iliyofika ghorofa ya nne, "Mimi na upepo hatukai nyumba moja. Akitoka yeye, nitarudi mimi." Akaenda Magomeni kwa binti yake Husna, na tangu siku hiyo hakukanyaga kwetu wala hakupokea simu ya mdogo wake. Wafanyabiashara wa jirani walikitaka kile chumba wakifanye stoo ya mabegi. Mzee akawaambia kina mwenyewe.

Sasa Husna alikuwa amenipigia simu. Mama yake ameamua kuhamia Tanga kwa binamu yake, moja kwa moja, wiki ijayo.

"Akifika Tanga harudi, Mwalimu," Husna aliniambia. "Unamjua. Mwambie mjomba kama ana la kufanya, afanye."

Nilimweleza Mzee Zahoro. Alizivuta soksi zake, moja baada ya nyingine. Kisha akasema hatampigia simu dada yake kumwomba radhi, kwa sababu hatapokea. Atakiziba chumba. Akishakiziba hata mshumaa usitikisike ndani yake, ndipo atakapomwita aje aone kwa macho.

Kuanzia hapo tuliishi ndani ya ukarabati. Mzee aling'oa misumari iliyolegea, na hakuirudisha kwenye tundu lilelile. Alipiga mpya pembeni, kila mmoja umevalishwa kipande cha mpira kilichokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. "Msumari ukirudishwa tundu la zamani," alitufundisha mimi na Athanas, "ni kama mume aliyerudiwa. Atashika siku mbili." Chini ya milango alipigilia nyayo za kandambili zilizochoka, zikisugua sakafu kila ulipofungua. Ile nafasi chini ya paa aliishindilia magunia, na juu ya magunia akapanga kubandika karatasi za mifuko ya saruji kwa gundi ya unga wa ngano, halafu apake chokaa kila kitu.

Alibakiwa na korido. Mlango wa mbele haufungiki mchana kwa sababu wapangaji wote hupita hapo, na upepo haukosi kuja nao. Mzee akaona dawa ni kuuzuia huko huko barabarani. Akaenda kwa Rajabu, anayekodisha maturubai karibu na Mnazi Mmoja.

Rajabu alikuja Jumamosi asubuhi na mkokoteni. Ni mtu mrefu mwenye uso wa huzuni ya kikazi. Alilifunga turubai mbele ya nyumba, kubwa, la bluu, likauziba upepo barabara. Kisha akaanza kushusha viti vya plastiki na mikeka.

"Viti vya nini?" Mzee Zahoro aliuliza. "Mimi nimekodi turubai."

"Turubai na viti ni kitu kimoja, mzee," Rajabu alisema kwa upole. "Hatuvitenganishi. Ni utaratibu wetu." Akavipanga safu kwa safu, akatandika mikeka koridoni, akatikisa kichwa taratibu, akaondoka bila kuuliza lolote. Watu wa kazi yake hawaulizi.

Mzee hakuwa na muda wa kubishana na viti. Alitutaka tumsaidie kutoa vyombo vya Bi Kijakazi ili apake chokaa. Tukatoa kitanda, kabati na kioo, tukaviweka nje chini ya turubai. Athanas akabandika uani sufuria kubwa ya kukodi, akaanza kusonga gundi kwa mwiko mrefu. Mzee akavaa kanzu yake kuukuu ndani ya koti, akapaka chokaa kuta za chumba na za korido mpaka akawa mweupe yeye mwenyewe tangu kofia hadi soksi, kisha akakumbuka kuna bati moja hajalipiga, akapanda juu ya paa upande wa uani. Mimi akanituma misumari.

Sikukawia sana. Kariakoo Jumamosi mtu hutembea kwa mabega, lakini duka la vifaa si mbali. Wakati wa kurudi, mama muuza vitumbua wa kona aliacha kikaango chake, akanishika mkono.

"Mwalimu, pole sana jamani. Asubuhi hii hii nimemwona anapanda ngazi."

"Nani? Kapatwa na nini?"

"Nenda tu mwanangu. Nenda, watu wameshajaa."

Nilikimbia. Umri wangu si wa kukimbia mbele ya machinga, lakini nilikimbia, nikiona kichwani zile soksi zinateleza kwenye bati. Chini ya turubai palikuwa pamejaa wanaume. Walikaa kwenye viti vya Rajabu, kofia vichwani, wanazungumza kwa sauti za chini habari za usajili wa mpira. Mzee mmoja nisiyemjua alikuwa amekaa kwenye kitanda cha Bi Kijakazi.

"Alikuwa mtu wa watu," alisema.

"Sana," akaitikia wa pembeni. "Nani hasa?"

"Marehemu."

"Aa. Sana."

Nikaingia koridoni. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka kuanzia mlango wa mbele hadi wa nyuma, miguu wamenyoosha, na mbele yao amekaa Bi Sabaha. Kila mtaa una Bi Sabaha wake. Turubai likifungwa, yeye hufika kabla kamba hazijakaza, akiwa na chetezo chake cha udi na sauti ya kuamuru nani apike na nani alie.

"Karibu, Mwalimu," alisema. "Kaa. Mungu akupe nguvu."

"Bi Sabaha, nani amekufa?"

Alinitazama kwa huruma. Kuuliza hivyo msibani si adabu. Mtu hukaa, husikiliza, jina likamjia lenyewe kutoka kwenye mazungumzo. Tatizo ni kwamba wote walikuwa wamekaa wakisikiliza.

Hapo nikasikia juu ya vichwa vyetu: ko, ko, ko. Nyundo. Na baada ya nyundo, sauti niliyoijua ikilitukana bati. Nilishika ukuta kwa faraja, na mkono ukatoka na chokaa.

"Ndiyo hiyo nyingine," Bi Sabaha alisema, amekunja uso. "Watu wana msiba, kuna mtu asiye na haya anagonga mabati. Kamwambieni ashuke."

"Bi Sabaha, yule ni Mzee Zahoro. Anaziba upepo. Turubai ni la upepo. Hakuna msiba hapa."

"Hakuna msiba?"

"Hakuna."

Akawageukia wenzake. "Mwacheni. Huanza hivyohivyo, kwa kukataa. Mama yangu alipofariki mimi nilikataa mpaka Alhamisi." Akanivuta chini, akanifunika mtandio. "Nilikuona asubuhi ukitoka humu na ule uso wako. Nikajiambia, uso ule si wa bure."

Uso ule ninatoka nao kila siku. Nilijaribu kumweleza hivyo, akanipapasa mgongo.

Nikajikwamua, nikaenda uani. Athanas alikuwa amesimama pembeni ya mafiga, mwiko mkononi, sufuria mbele yake tupu.

"Mwalimu," alininong'oneza, "wamekunywa gundi."

"Yote?"

"Yote. Niligeuka kutafuta kuni, kurudi nakuta wameshatia sukari na iliki, wanapitisha vikombe. Nikawaambia jamani hiyo ni ya kubandika mifuko ya saruji. Mmoja akanijibu, baba, msibani hatuchagui."

"Wamesemaje?"

"Wameusifu uji. Wanasema mzito lakini unakaa tumboni. Yule mzee aliyeko kitandani ameomba cha pili."

Ni kweli, ulikuwa unga wa ngano na maji tu, haukuwa na cha kumdhuru mtu. Lakini Athanas alikuwa ameumia. Alikuwa ameusonga kwa nguvu zake zote.

Tulikuwa tunashauriana nani apande ngazi amweleze Mzee Zahoro kilichotokea chini yake, ndipo tukasikia bajaji ikibana breki barabarani, na baada yake kilio. Sijawahi kusikia kilio kama kile. Kilianzia turubaini, kikapita vitini, kikaingia koridoni kwa ile njia ya upepo.

"Mdogo wangu! Zahoro mdogo wangu! Nilisema sirudi, nimerudi, nimerudi nikute nini!"

Habari ilikuwa imefika Magomeni. Kuna mtu alikuwa amelipita turubai mbele ya nyumba ya Mzee Zahoro, akaona kitanda kimetolewa nje, akafanya hesabu zake. Bi Kijakazi alikuwa anakuja huku anashikiliwa na Husna, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, mtandio unaburuzika. Wanawake waliokuwa wamekunywa uji kwa utulivu sasa wakapata walichokuwa wakikisubiri, yaani mtu wa kumlilia, wakapaza sauti wote kwa pamoja. "Marehemu ni Zahoro!" ikapita kutoka mkeka hadi mkeka. Nje nikasikia yule mzee wa kitandani akisema, "Si nilikwambia? Mtu wa watu."

Juu, nyundo ilinyamaza.

Mzee Zahoro ameishi na sauti ya dada yake tangu azaliwe. Aliitambua hata kupitia bati. Alishuka ngazi kwa kasi ambayo sikudhani anayo, akatupita mimi na Athanas bila kutuona, akasukuma mlango wa nyuma. Nyayo za kandambili zikasugua sakafu. Akasimama mwisho wa korido, mweupe kanzu, mweupe uso, mweupe kope, na mikono ameitandaza.

"Dada," alisema. "Umekuja."

Kilio kilikatika kama redio iliyochomolewa. Kisha nyumba ikajimwaga. Wanawake walitoka kwa mlango wa mbele, kwa dirisha la chumba changu, mmoja alijaribu kupanda ukuta. Nje viti vya Rajabu vilisikika vikianguka safu kwa safu. Bi Sabaha, aliyesimamia misiba ya miaka yote, alijifunika mkeka na kubaki hapohapo, akisoma kila dua aliyoijua.

Ni Bi Kijakazi peke yake ambaye hakukimbia. Alimtazama mdogo wake kuanzia kofia. Akashusha macho kwenye koti, kwenye kanzu, mpaka akafika kwenye soksi ndani ya kandambili. Hakuna aliyekufa anayevaa hivyo. Akainua kile kiatu cha mkononi.

Pa! Vumbi la chokaa likaruka.

"Umekufa, hujafa?"

"Sijafa, dada, napaka chokaa!"

Pa! "Turubai la nini?"

"La upepo!"

Pa! "Viti?"

"Ni utaratibu wa Rajabu!"

Husna alimshika mkono mama yake. Bi Kijakazi alihema, akakaa chini kwenye mkeka, akaanza kulia upya, safari hii taratibu, anajifuta kwa ncha ya mtandio. Mzee Zahoro alichuchumaa karibu yake, mbali kidogo na kiatu.

"Nimekiziba chumba chako," alisema. "Nilitaka kikamilike ndipo nikuite. Njoo ukione kabla hujaenda Tanga. Usipoona kimezibika, nenda, sitasema neno."

Watu walikuwa wameanza kurudi, mmoja mmoja, wanachungulia. Bi Kijakazi aliinuka. Alipita katikati yao hadi chumba cha mwisho, akasimama katikati ya kuta nyeupe. Juu alitazama bati. Alitazama ile nafasi iliyomwagia chai yake mchanga, sasa imejaa magunia.

"Sabaha," aliita, "lete hicho chetezo."

Bi Sabaha alitoka ndani ya mkeka, akaleta. Bi Kijakazi akakiweka sakafuni na kufunga mlango nusu. Tulijazana mlangoni wote, waombolezaji na wapangaji, kuangalia moshi wa udi. Ulipanda umenyooka. Mzee Zahoro alikuwa amefumba macho. Kisha, karibu na bati, moshi ukapinda.

"Upepo huo," Bi Kijakazi alisema.

"Siyo upepo!" Mzee alifumbua macho, akatugeukia kwa hasira. "Ni nyinyi! Pumueni huko!"

Tukageuza nyuso pembeni, watu wazima, tukabana pumzi. Moshi ukanyooka tena. Ukafika kwenye bati, ukatanda, ukarudi chini. Haukuwa na pa kutokea. Ulijaa taratibu mpaka Bi Kijakazi akawa haonekani vizuri, tukasikia akikohoa humo ndani.

"Zahoro!"

"Naam, dada."

"Umeziba kila kitu! Nikilala humu nitakufa kweli, na turubai liko tayari!"

Mzee Zahoro aliinamisha kichwa. Kofia ya sufu ikadondosha chokaa sakafuni. Niliona mabega ya koti la baba yake yakishuka, na nikajua tayari anahesabu kichwani safari ya dada yake ya Tanga. Lakini ndani ya ule moshi, kwenye chumba kisicho na kitanda wala kabati, tulisikia mtu anatafuta kitu, kisha sauti ya mti wa ufagio unagonga ukutani juu. Gunia moja likaanguka. Mwanga mdogo, mkubwa kama sahani ya chai, ukaingia juu ya ukuta wa upande wa ua, na moshi ukaanza kuufuata.

Bi Kijakazi alitokea, ufagio mkononi, macho mekundu.

"Hili tundu ni langu," alisema. "Nikisikia baridi nitaliziba kwa kanga yangu. Nikisikia joto nitalifungua. Wewe hulishiki. Umenisikia?"

"Nimekusikia, dada."

"Mengine yote yaache yalivyo. Yako vizuri." Akamgeukia binti yake. "Husna, mpigie binamu simu. Mwambie Tanga kuna mbu." Halafu akatutazama sisi tuliojazana mlangoni. "Na nyie? Mnasubiri nini?"

"Pilau, Bi Kijakazi," mmoja alisema. "Kuna mtu ameshaagiza."

"Basi mle. Hamkuja bure. Rudisheni na kitanda changu ndani, mwambieni aliyekilalia aamke."

Athanas na wenzake wakaenda kukichukua. Mzee Zahoro alibaki amesimama palepale, hajui aweke wapi mikono yake. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kwa kuwa waombolezaji walishatoka koridoni, kaupepo kadogo kalizunguka turubai, kakapita miguuni mwetu. Bi Kijakazi alikasikia. Aliitazama miguu yake, mmoja una kiatu na mwingine hauna. Alitazama miguu ya mdogo wake.

"Zahoro," alisema, sauti chini, ili Bi Sabaha asisikie. "Una soksi nyingine?"